Cheti cha huduma ya kwanza: kiandikwe wapi kwenye wasifu?

Swali: Nimemaliza mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza na nina cheti. Naomba kazi ya uhasibu. Je, niyaandike kwenye wasifu? Na kama ndiyo, sehemu gani?

Yaandike, lakini usiyape nafasi kubwa kuliko yanavyostahili kwa kazi hiyo. Fungua sehemu fupi ya "Vyeti na mafunzo" baada ya uzoefu wa kazi, uweke mstari mmoja tu. Usiyachanganye na shahada zako kwenye sehemu ya elimu. Wala usiandike "najua huduma ya kwanza" katikati ya orodha ya ujuzi, kando ya kompyuta na lugha, kwa sababu maneno hayo hayamwambii mwajiri ulijifunza nini, wapi wala lini, na hana namna ya kuyahakiki.

Mstari unaofaa una mambo manne: jina la kozi kama lilivyochapwa kwenye cheti, taasisi iliyokitoa, mwezi na mwaka uliohitimu, na tarehe ya cheti kuisha. Kwa mfano: "Huduma ya Kwanza Kazini (siku 2, pamoja na mazoezi ya kufufua moyo na mapafu), jina la taasisi, Machi 2025, kinaisha Machi 2027." Mabano hayo yana kazi. Kozi ya saa chache na kozi ya siku tatu zinaweza kuwa na majina yanayofanana, na anayechambua maombi anataka kujua ipi ni ipi.

Hata mhasibu ananufaika, kwani sehemu nyingi za kazi hutakiwa kuwa na watu waliofunzwa huduma ya kwanza. Kwa mwalimu wa chekechea, mlezi, mlinzi, fundi wa ujenzi au mwokoaji wa bwawa la kuogelea, mambo ni tofauti kabisa: hapo cheti kiwekwe juu, kwenye muhtasari wa ukurasa wa kwanza. Tangazo likikitaja, tumia maneno yaleyale ya tangazo, ilimradi ni ya kweli. Baadhi ya waajiri huchuja maombi kwa programu za kompyuta zinazotafuta maneno hayo kabla mtu hajasoma chochote.

Swali: Cheti changu kiliisha muda miezi minne iliyopita. Nikiondoe?

Inategemea kazi. Ikiwa tangazo linataka cheti kilicho hai, chako hakitimizi sharti hilo, na kukiandika bila tarehe ni kumdanganya mwajiri. Kwa kazi nyingine unaweza kukibakiza, mradi tarehe zote mbili zionekane.

Ukomo huu una sababu. Vyeti vya Msalaba Mwekundu wa Marekani hudumu miaka 2. Vya huduma ya kwanza kazini nchini Uingereza hudumu miaka 3. Mikono husahau mapema zaidi ya hapo: ustadi wa kukandamiza kifua huanza kufifia ndani ya miezi michache mtu asipofanya mazoezi. Tena miongozo yenyewe hubadilika. Ya Marekani na Ulaya ilitolewa upya mwaka 2015, kisha ikarekebishwa 2020 na 2021, na mingine ikatoka 2025.

Njia bora ni kujiandikisha kozi ya marudio kabla ya kutuma maombi, halafu uandike: "Kozi ya marudio imepangwa," pamoja na mwezi wake. Andika hivyo ikiwa tu umeshapata nafasi. Uliza mapema kama bado unakubalika kwenye marudio, maana baadhi ya watoa mafunzo humtaka aliyepitwa na muda aanze kozi nzima upya.

Swali: Nilisoma kozi yote kwa intaneti na nikapewa cheti. Kuna tatizo?

Tatizo lipo ukiificha hali hiyo. Andika wazi: "kwa njia ya intaneti, bila mazoezi ya vitendo." Nadharia inasomeka vizuri kwenye skrini, lakini kukandamiza kifua hakusomeki. Kwa mtu mzima, kifua kinatakiwa kushuka sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, mikandamizo 30 kisha pumzi 2. Wanaoanza hukunja viwiko, hukandamiza juujuu, au huegemea kifua wasikiache kirudi juu kabisa, na hivyo moyo haujai damu kabla ya mkandamizo unaofuata. Makosa hayo mkufunzi huyaona ukiwa juu ya sanamu ya mazoezi, video haiyaoni. Tafuta kozi mseto, ambayo nadharia ni ya mtandaoni na vitendo hupimwa ana kwa ana.

Swali: Kwenye usaili wanaweza kunipima?

Wanaweza, na ni haki yao. Jiandae kwa maswali mafupi. Mtu ameanguka, haitiki: hakikisha mahali ni salama, mwite na umguse mabega, fungua njia ya hewa, angalia upumuaji kwa muda usiozidi sekunde 10. Kama hapumui kawaida, ita msaada, agiza mashine ya kushtua moyo na uanze kukandamiza. Ameungua: maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete mapema kabla ya uvimbe, usipake mafuta wala dawa ya meno. Anatokwa damu puani: ainame mbele na abane sehemu laini ya pua kwa dakika 10 mfululizo. Anayejibu "ainue kichwa nyuma" hujulikana papo hapo kwamba cheti chake kimelala kabatini.

Swali: Nilikuwa mtoa huduma ya kwanza wa idara yetu. Nieleze vipi?

Hii ina uzito kuliko cheti chenyewe, hivyo iweke chini ya kazi husika: ulikagua sanduku la huduma ya kwanza kila mwezi, uliondoa vifaa vilivyopitwa na muda, ulijaza daftari la ajali. Usitaje majina ya majeruhi wala maelezo yanayoweza kuwatambulisha. Na usijiite mhudumu wa afya. Hicho ni cheo cha taaluma nyingine.

Swali: Niambatanishe nakala?

Ukiombwa tu. Ila kagua leo kama jina kwenye cheti linafanana na la kitambulisho chako. Kama herufi zimekosewa, iandikie taasisi irekebishe sasa, kwa sababu cheti kipya huweza kuchukua wiki kadhaa.