Re: Waingereza walisikiliza nini redioni baada ya Vita vya Pili vya Dunia?

Mkuu, umeuliza siku ya kawaida ilikuwaje. Chukua mwaka 1949 hivi, na BBC Light Programme, idhaa ya burudani iliyoanza Julai 1945. Redio ni sanduku la mbao. Ukiiwasha unangoja ipate moto kwanza ndipo sauti itoke.

Asubuhi mama wa nyumbani anaosha vyombo huku akisikiliza Housewives' Choice, salamu na nyimbo za kuombwa. Halafu Music While You Work, na hapa ndipo utamu ulipo: bendi inapiga mfululizo bila maneno mengi, maana kipindi kilibuniwa mwaka 1940 kwa ajili ya viwandani. Wakati wa vita wimbo mmoja wenye makofi ulikatazwa humo, eti wafanyakazi wataacha mashine wapige makofi!

Mchana Woman's Hour, kipindi cha wanawake; jioni Dick Barton, mchezo wa redio wa mpelelezi uliowafanya watoto wakimbilie nyumbani. Usiku vijana waligeukia Radio Luxembourg, kituo cha biashara kutoka nchi ya Luxembourg, sauti ikipanda na kushuka kama mawimbi.

Na usisahau leseni ya kusikiliza redio: ilikuwa pauni 1 kwa mwaka tangu 1946. Bure haikuwepo.