Mteja kaandika "mabati G30", Excel ikaleta geji 32

SWALI: Kaka, habari ya kazi. Mimi nafanya kwa hadiwea moja hapa Nabugabo, napokea oda za wateja kwa WhatsApp na zingine kwa karatasi, naziingiza kwa Excel, afu stoo wanatoa mzigo. Shida ni majina. Mtu wa Beni anaandika "sima", wa Juba "asmanti", wa Masaka "seminti", wote wanataka simenti ile ile. Nondo ya milimita 12 ndo usiseme, inakuja kwa majina saba. Nikashauriwa nitengeneze jedwali la kutafutia majina, nikaweka VLOOKUP, ile fomula ya Excel ya kutafuta neno kwenye jedwali, basi wiki iliyopita mteja kaandika "mabati G30" tukampakilia geji 32, lori limefika Mpondwe, mpakani na Kongo, likarudishwa. Bosi anataka nilipe usafiri. Nimekosea wapi?
Dada wa Nabugabo, Kampala

JIBU: Pole sana dada yangu, na wazo lako la jedwali ni zuri kabisa, usiliache. Kilichokuangusha ni neno moja mwisho wa fomula. VLOOKUP usipoiandikia FALSE pale mwisho, yenyewe inachukulia TRUE, yaani ikikosa neno lenyewe inachukua lile linalotangulia kwa mpangilio wa orodha. Sasa angalia, jedwali lako nadhani lina "mabati 28", "mabati 30", "mabati 32", afu inafuata "misumari". Mteja kaandika "mabati G30". Kwa Excel namba zinatangulia herufi, kwa hiyo G inakaa baada ya 32, na kabla ya misumari, basi ikashika ya mwisho iliyopita ambayo ni 32, ikakuletea bila hata kukuonya. Na geji 32 ni nyembamba kuliko 30, mteja lazima akatae.

Andika hivi: =VLOOKUP(TRIM(B2),Majina!A:B,2,FALSE). B2 ni pale lilipo neno la mteja, na Majina ni karatasi yenye jedwali lako. Hiyo TRIM inaondoa nafasi za ziada ambazo watu wanaacha mbele na nyuma ya neno. Herufi kubwa na ndogo zisikusumbue, VLOOKUP haitofautishi.

Sasa jedwali lenyewe. Wengi wanajaza majina mazuri ya dukani afu wanashangaa halishiki kitu. Safu ya kwanza iwe maneno ya wateja vile vile wanavyoyaandika, na makosa yao yote, safu ya pili ndo jina lako moja. Usiyatoe kichwani, keti na oda za miezi mitatu uyanakili. "Y12", "12mm", "nondo 12", "mutayimbwa 12", "fer 12", kila moja mstari wake, zote zinaenda NONDO-12. "Mabati G30", "tole 30", "zinki 30", hivyo hivyo. Mistari ikifika mia tatu wala usiogope, ndo kazi yake. Ila neno kama "nusu inchi" usiliingize hata ukibembelezwa, maana nusu inchi ni milimita 12.7, mmoja anamaanisha nondo ya 12 na mwingine anataka paipu, huyo unampigia simu tu.

Vipimo viwe na jedwali lao peke yake, na hapa ndo pesa inapotea sana. "Mfuko" wa simenti ni kilo 50, lakini mfuko wa misumari ni habari nyingine kabisa, kwa hiyo usitafute neno "mfuko" peke yake, unganisha bidhaa na kipimo, SIMENTI-mfuko, MISUMARI-mfuko. Mtu akiagiza nondo za 12 kwa tani na stoo yako inahesabu vipande, nondo moja ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina uzito wa kama kilo 10.66, basi tani ni vipande 93 au 94, andika kabisa mmekubaliana ngapi ili asihesabu kila mtu kivyake. Na kama duka liko kwenye EFRIS, ule mfumo wa risiti za kielektroniki wa URA, mamlaka ya kodi ya Uganda, lile jina lako moja na kipimo chake vilingane na mlivyosajili kule, usije ukawa na majina mawili tena kwenye risiti.

Fomula hiyo ikikosa neno itakuandikia #N/A, na kuna mtu atakwambia uifunike kwa IFERROR, fomula ya kuficha makosa, ili karatasi ipendeze. Nakuomba usikubali. #N/A inakuambia neno hili hatulijui, simama, uliza mteja, afu ongeza mstari. Na kuongeza afanye mtu mmoja, wewe, sio kila anayepita hapo kwa kompyuta. Safu yenye maneno ya mteja usiifute hata siku moja, kukitokea ubishi unaona aliandika nini.

Kabla stoo hawajapakia, mrudishie mteja ujumbe kwa majina yako: "Mabati geji 30, vipande 60, sawa?" Akijibu sawa ndo lori linajazwa.

Kuhusu bosi, muonyeshe ule ujumbe wa "mabati G30" na hiyo fomula pamoja, aone kwa macho yake 32 ilitoka wapi. Mwambie pia kwamba karatasi ilipita kwako, ikapita stoo, ikapita kwa aliyepakia, na hakuna aliyeulizwa kuisoma mara ya pili, kwa hiyo kukubebesha wewe peke yako sio haki hata kidogo. Ila leo leo, kabla ya kuongea naye, pitia oda zote zilizoingia tangu uweke hiyo VLOOKUP, inawezekana kuna mzigo mwingine uko njiani na geji sio yake.