Tulibishana Kuhusu Straika, Tukampoteza Winga

Juzi usiku nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa kaka mmoja, katibu wa timu ya Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, huko mkoani. Ana straika wa miaka 20 mwenye magoli manane mpaka sasa. Klabu ya Ligi Kuu inamtaka dirisha dogo hili, yaani usajili wa katikati ya msimu, imeshaweka dau mezani, na juu yake iko tayari kutoa kwa mkopo mshambuliaji wa miaka 33 ambaye zamani alitamba. Kamati yake imegawanyika vipande viwili. Alinisimulia magoli yote manane, mechi kwa mechi, mpaka lile la kichwa dakika ya 88. Akamalizia: "Kaka, wewe yalishakukuta. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Yalinikuta kweli, nilipokuwa katibu wa timu ya Championship na straika wetu kijana akatakiwa na klabu ya Ligi Kuu. Nimewahi kuyagusa hapa juu juu tu, kwa sababu watu wa ile kamati bado tunakutana misibani na kupeana mikono, na sikutaka nionekane nalipiza. Leo nayasimulia yote.

Yule dogo nilimwona mimi. Sifa hii siigawi na mtu. Ilikuwa mechi ya ndondo Mbagala, jioni, uwanja wa mchanga, watu wamezunguka mpaka mstari hauonekani. Amevaa njumu za kuazima, ya kushoto ameizungushia kamba mara mbili kwa sababu ilikuwa kubwa. Dakika ishirini nzima hakugusa mpira wa maana. Kisha ikaja krosi ya chini, mabeki wawili wakauangalia mpira, yeye akawa ameshatangulia mbele yao. Goli. Kipindi cha pili akafanya vilevile, kwa mguu mwingine. Nilikuwa nimefunga duka langu la vipuri Gerezani mapema siku hiyo ili nikamwangalie kiungo mmoja niliyeelekezwa. Jina la huyo kiungo silikumbuki hata kidogo.

Tulimsajili Julai, mkataba wa msimu mmoja. Nilitaka mitatu, mweka hazina akasema klabu haiwezi kujifunga mshahara wa miaka mitatu kwa mtoto wa mchangani. Nilinyamaza. Ukitaka kujua kosa letu lilianzia wapi, lilianzia hapo niliponyamaza.

Mechi za mwanzo naziruka. Mzunguko wa kwanza uliisha dogo akiwa na magoli 9 katika mechi 15 na sisi tukiwa nafasi ya tatu, pointi mbili nyuma ya nafasi ya pili. Wanaojua Championship wanajua maana yake: wawili wa juu wanapanda moja kwa moja, wa tatu na wa nne wanakwenda kwenye mchujo. Tulikuwa tunainusa Ligi Kuu. Ndipo simu ikaja. Shilingi milioni 18, na mkongwe wao kwa mkopo, mshahara wake wanalipa wao.

Kikao tulikaa Tandika, darasa la shule, wajumbe kumi na mmoja kwenye madawati ya watoto. Kila mjumbe alikuja na straika wake mfukoni.

Mzee mmoja, mwanachama tangu timu ikiwa ya mtaa, alisimama na Samatta. Kijana wa Mbagala kama huyu wetu, akasema, ameanzia African Lyon, ile iliyokuwa Mbagala Market, Simba wakamchukua 2010, mwaka uliofuata TP Mazembe ya Kongo, na mwisho wa safari akafunga goli Wembley kwenye fainali akiwa na Aston Villa. "Lyon wangemfungia kabatini, angefika?"

Mweka hazina akamjibu kwa John Bocco. Azam walikuwa naye kabla ya kupanda Ligi Kuu 2008, wakakaa naye mpaka 2017. Akawa mfungaji bora wa 2011/12 kwa magoli 19, na msimu wa 2013/14 wakabeba ubingwa bila kupoteza mechi. "Anayetunza ndiye anayevuna," akasema, ingawa ndiye huyohuyo aliyekataa mkataba mrefu.

Kijana wetu wa habari akaja na Jamie Vardy. Fleetwood, timu ndogo ya Uingereza, walimchukua kutoka Halifax Agosti 2011, akawafungia magoli 31 ya ligi, timu ikapanda daraja, na ndipo Mei 2012 wakamuuza Leicester kwa pauni milioni moja. Miaka minne baadaye mtu huyo ni bingwa wa Uingereza. Somo lake lilikuwa kwamba unapanda kwanza, unauza baadaye.

Mwalimu, kocha wetu, yeye alimtaka yule mkongwe. Alikuja na Meddie Kagere, aliyefika Simba 2018 akiwa ameshavuka miaka 30 na kuondoka na ufungaji bora mara mbili mfululizo, magoli 23 kisha 22. Alisema umri wa straika uko kichwani, na kwamba mtoto akibanwa mechi tatu anapotea, mkongwe anajua pa kujificha.

Mimi nilizungumza mwisho. Nikawakumbusha Amissi Tambwe. Amekuwa mfungaji bora wa 2013/14 kwa magoli 19, halafu Desemba 2014, dirisha dogo kama hili, Simba wakamwacha. Akavuka barabara kwenda Yanga, na msimu wa 2015/16 akafunga 21 na kuwa mfungaji bora tena. "Mnataka tufanye lile la Desemba 2014?" niliwauliza. Nusu ya wajumbe ni watu wa Simba. Darasa lilitulia kimya. Tulipiga kura, saba kwa wanne, dau likakataliwa. Nilitoka pale nikijiona wakili aliyeshinda kesi.

Kwenye mengineyo kulikuwa na ajenda ndogo. Winga wetu wa kushoto alikuwa ameomba kuondoka, timu ya daraja letuletu inampa laki nane na nauli. Tulimjadili dakika tano. Nilisaini mimi.

Siku tatu baadaye dogo alinifuata dukani. Hakukaa. Alisema, "Katibu, mmekaa kikao juu yangu, mimi mwenyewe hamkuniuliza. Mshahara wao ulikuwa mara nne." Nikamwambia avumilie, tukipanda atacheza Ligi Kuu akiwa nyumbani. Aliitikia "sawa" ile ya kuheshimu mkubwa, ambayo ndani yake hakuna kitu.

Mzunguko wa pili alifunga magoli mawili, moja la penalti. Tulimaliza wa saba. Juni mkataba ukaisha, Julai klabu ileile ikamtambulisha akiwa mchezaji huru. Milioni 18 hazikuja, mkopo wa basi wa safari za Mbeya na Mwanza ukabaki unatudai, na mimi nikaondolewa kwenye usajili. Mjumbe mmoja alisema mbele za watu kwamba nilikataa dau kwa kuwa halikuwa na changu ndani yake. Nilijitolea kwa timu ile miaka tisa, mara ngapi nimenunua maji ya wachezaji kwa hela ya dukani. Maneno yale bado yananiuma, siwezi kudanganya.

Wiki ile nilishindwa kulala, nikachukua daftari langu la mechi. Huwa naandika kila goli limetokea wapi. Kati ya yale tisa, sita yalianzia mguu wa winga wa kushoto. Moja penalti, moja kona, moja dogo alilitafuta peke yake. Sita! Tulikuwa na usiku mzima wa Samatta na Bocco na Vardy, na mtu aliyekuwa anatupandisha daraja tukampa dakika tano.

Ndugu zangu mnaoongoza timu ndogo, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Historia ya straika yeyote ni historia ya watu waliokuwa nyuma yake. Ule msimu wa 2018/19 Samatta alifunga magoli 23 ya ligi na Genk wakawa mabingwa wa Ubelgiji. Nyuma yake kulikuwa na Trossard na Malinovskyi, watu wa kumlisha mipira. Januari 2020 akaenda Villa, timu inayopigana isishuke, mpira unamfikia kwa bahati, akamaliza na goli moja la ligi. Miguu ni ileile. Mtu akikwambia Samatta alifeli Uingereza, muulize nani alikuwa anamlisha. Na wanaotamani watoto wao waruke kama yeye wanasahau Lubumbashi, mji wa TP Mazembe: aliishi pale miaka mitano, akachukua ubingwa wa Afrika 2015, ndipo Ulaya ikafungua mlango.

Au chukueni msimu wa 2021/22. George Mpole wa Geita Gold alimaliza na magoli 17, Fiston Mayele wa Yanga 16. Kwa hesabu ya kikao chetu, Mpole ndiye straika bora. Mayele alibaki kwenye timu inayotengeneza nafasi kila dakika kumi, msimu uliofuata akafunga 17, na mwaka 2025 akawa bingwa wa Afrika akiwa na Pyramids ya Misri. Mpole alikwenda Lupopo ya Kongo na halikusikika tena jina lake kama mwaka ule. Sioni kama mmoja alikuwa amemzidi mwenzake mbali kwa mguu. Kilichotofautiana ni meza waliyokalia.

Kwa hiyo kabla hamjafananisha washambuliaji, hesabuni pasi. Fungueni daftari, kama hamna daftari anzeni leo. Magoli ya mtu wenu yanatoka wapi? Akiondoka yeye mnapoteza mangapi, na akiondoka anayemlisha mnapoteza mangapi? Sisi tulimng'ang'ania wa kufunga tukamfungulia mlango wa kutengeneza.

Halafu tazameni tarehe. Mfano wa Vardy ulikuwa mtamu, lakini Fleetwood walikuwa na tajiri mfukoni na mchezaji mwenye mkataba. Walisubiri kwa sababu waliweza kusubiri. Mwenye mkataba wa miezi sita hana mchezaji, ana miezi sita. Mchezaji akibakiza msimu mmoja kaeni naye muongeze. Akikataa, uzeni dirisha lile lile, hata kama mko wa kwanza kwenye msimamo. Najua inauma. Uzeni.

Na muulizeni mwenyewe. Straika aliyekwazika hajifichi, unamwona kwenye mbio za mita tano za kwanza. Muulizeni kabla ya kikao, si baada.

Mkiuza, msiangalie fedha ya siku ile peke yake. Andikeni asilimia ya mauzo yajayo ndani ya mkataba, na tunzeni fomu za usajili. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya dau inagawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya dau zima, kuanzia 16 ni asilimia 0.5. Mtoto uliyemlea misimu miwili akiwa na miaka 18 na 19, akaja kuuzwa dola 200,000, una dola 2,000 zako. Kwa klabu zetu hiyo ni kambi na usafiri. Lakini lazima uthibitishe kwamba alikuwa wako, na nimeona timu mbili Temeke zikishindwa kwa sababu fomu zililowa mvua kwenye stoo. Fomu zangu siku hizi ziko dukani, kwenye kabati la chuma, pamoja na stakabadhi za serikali.

Kuhusu mkongwe wa mkopo: mchukue kama ana mguu na kama winga wako bado yupo. Mkongwe hakimbilii mpira, anausubiri. Asipokuwepo wa kuuleta, umeongeza mtu wa kula kambini.

Walinirudisha kwenye usajili mwaka jana, baada ya uongozi kubadilika. Msimu huu tuna straika mwingine, mkataba miaka mitatu, nimeuandika mimi. Winga wa kulia anayemlisha tumempa miaka mitatu pia, na kikao chake kilikwenda saa mbili na nusu. Nina fahari na hilo kuliko msimamo wa ligi.

Yule kaka nilimjibu usiku uleule. Nilimwambia amenieleza magoli manane vizuri kabisa, lakini hajaniambia mambo mawili: mkataba unaisha lini, na nani alimpigia krosi lile la dakika ya 88. Asubuhi akajibu. Mkataba unaisha Juni. Krosi ilipigwa na beki wao wa kushoto, ambaye naye ameomba kuondoka, na kamati inalijadili ombi lake Jumamosi kwenye mengineyo.

Nilimpigia simu hapohapo.