Ua limegoma kuchanua, na baridi ndiyo kwanza imeanza

Pole na baridi, dada. Umeuliza kwa nini ua lako la Saintpaulia, lile dogo la chunguni, limegoma kuchanua msimu huu, na kama mtu asiyewahi kushona anaweza kuanza na mfarishi wa viraka.

Ua kwanza. Asili yake ni milima ya Usambara, Tanzania, kwa hiyo halikuzoea baridi kali. Ila mara nyingi shida ni mwanga, maana siku za kipupwe ni fupi. Lisogeze dirishani, lakini majani yasiguse kioo. Usiku kioo huwa barafu. Mwanga usipotosha, liwashie taa kwa muda wa saa 12 hivi kila siku, kisha usiku liache gizani. Maji yawe vuguvugu, uyatie kwenye kisahani cha chini: maji baridi yakidondokea majani huacha mabaka yasiyotoka. Na usimwagilie tena mpaka udongo wa juu ukauke. Mimi nimeshaua mawili kwa huruma tu ya kumwagilia.

Mfarishi, anza, lakini mdogo, hata wa kufunika magoti. Kata miraba ya kitambaa cha pamba, na kila mshono upite robo inchi kutoka ukingoni. Hapo usifanye mzaha: ukipunja kidogo kidogo, ukifika safu ya kumi pembe hazikutani tena. Piga pasi kila mshono kwa kuibandika na kuinyanyua. Ukiisugua, kitambaa kinavutika.

Meza ya kushonea weka karibu na dirisha hilohilo. Mimi nikichoka kufumua, huwa nahesabu vitumba.