Blauzi ya Tai, Si Blauzi ya Upinde

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani hapa Lamu, karibu na Mkunguni. Siku hizi wateja wananiletea picha za blauzi ambayo shingo yake ina vitambaa viwili virefu vya kufunga mbele. Mmoja aliniandikia kwenye simu kuwa anataka "blauzi ya upinde shingoni". Nikadhani anasema upindo, nikamkunjia shingo na kuishona vizuri. Akaikataa. Jina lake hasa ni lipi? Na je, tuseme kola au ukosi?

JIBU: Marahaba, fundi wangu. Nianze na lile jepesi. Ukosi ni neno letu la zamani, kola tumeliazima, na yote mawili yanaeleweka kwenye cherehani. Tumia ulilozoea. Anayegombana na kola leo anapoteza wakati wake.

Upinde ndio unaonikera. Naukuta kwenye matangazo ya nguo kila wiki, na wewe umepata hasara ya kitambaa na uzi kwa ajili yake.

Upinde umetokana na kupinda. Ni ufito uliopindwa na kukazwa kamba ili urushe mshale. Na kwa umbo hilo tukapata upinde wa mvua. Pwani ya kaskazini tuna na uta, wingi wake mata. Nani Lamu hajasikia habari za Fumo Liongo? Alipochomwa sindano ya shaba kitovuni, alitwaa uta wake, akaenda akapiga goti kisimani, akapachika mshale, akafa vivyo hivyo. Watu wakaogopa kwenda kuteka maji, wakidhani yu hai na anawalenga. Kilichowatisha ni nini? Ufito uliopindika, kamba iliyokazika, mshale ulioelekezwa kwao. Basi tafuta kimoja katika hivyo kwenye blauzi ya mteja wako. Hukipati. Utakuta kitambaa laini kilichopigwa fundo, chenye vitanzi viwili na ncha mbili zinazoning'inia, na ukivuta ncha moja chote kinafunguka. Uta ukilegea haufai kitu. Fundo la blauzi likikazwa ndipo linapoharibika. Vitu hivi havina undugu wowote.

Kilichoviunganisha ni tahajia ya Kiingereza, ambayo ina neno moja, bow, kwa silaha hiyo na kwa fundo hilo. Neno lilelile, likiandikwa, ni omo pia, yaani sehemu ya mbele ya chombo cha baharini, na ni kuinamisha kichwa. Mbona hatujaona "blauzi ya omo"? Kwa sababu mfasiri, awe mtu au mashine, ameshika maana ya kwanza aliyoikuta akaenda zake bila kuitazama nguo.

Na kwa fundi jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mzizi huo umeshashikwa kwenye kazi yako. Sketi ina upindo. Leso ina pindo lake, likazunguka mji na jina. Mteja akitamka upinde juu ya nguo, sikio la fundi lolote la pwani litasikia upindo. Ulisikia sawasawa. Aliyekosea ni aliyeandika.

Wenzetu wameipaje jina nguo hii? Wafaransa huiita kwa lavallière, ambayo ni aina ya tai pana inayofungwa kwa vitanzi. Waswidi husema knytblus, yaani blauzi ya kufunga. Jina hilo lilivuma Aprili 2018, Sara Danius alipoondoka kwenye ukatibu wa Akademia ya Uswidi na wanawake wengi wakavaa blauzi hizo kumuunga mkono. Kabla yake Margaret Thatcher alizivaa sana enzi za uwaziri mkuu wake wa Uingereza, 1979 hadi 1990, chini ya koti la ofisini. Asili yenyewe ni ya mwisho wa karne ya 19, wanawake walipoanza kazi za ofisini na kuvaa blauzi zenye tai kama za wanaume. Kwa hiyo tai imo ndani ya nguo hii tangu mwanzo, na sisi tai tunayo. Sema blauzi ya tai. Ukihofia mteja atafikiri ni tai ya kuvuliwa, sema blauzi ya tai ya kushonea. Umbo linalofungwa ni fundo la kipepeo.

Ukiiita tai, hata vipimo vinajieleza. Chukua shingo ya sentimita 38, ukipima toka mstari wa katikati ya mbele ukazunguka hadi mstari huohuo. Usishonee tai mpaka katikati. Acha sentimita 2 kila upande, kwa sababu fundo linahitaji mahali pa kukaa. Ukizijaza, fundo linasukuma kola mbele na kumkaba mvaaji kooni. Hili ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye blauzi hizi. Basi inabaki 34 ya kushonea. Ongeza ncha mbili za 65, jumla 164. Kata vipande viwili vya sentimita 84 kwa 14, uviunge nyuma ya shingo. Ukitoa sentimita moja ya mshono kila upande, upana utabaki 6 baada ya kukunja. Vikate mshazari vianguke vizuri. Kitambaa cha upana wa 150 kitakula kama sentimita 70 zaidi, na mteja aambiwe kabla. Shona ncha kwanza, punguza kona, geuza, piga pasi, ndipo ushonee sehemu ya wazi shingoni na kumalizia kwa mkono upande wa ndani. Kitambaa cha kukazia kola usikitie kabisa. Melimeli na krepu hukaa vizuri. Satini huteleza, fundo hufunguka lenyewe. Kitambaa kilichochapwa upande mmoja nacho ukikunje kama nilivyosema, usikiache kipande kimoja, maana mgongo wake utaonekana kwenye kitanzi.

Anayevaa buibui na mtandio juu yake mpunguzie ncha ziwe 45, afunge fundo moja bila vitanzi, aziache zishuke. Vitanzi chini ya mtandio hufanya uvimbe, na joto la kaskazi halivumilii kitambaa kilichorundikana kooni.

Mfundishe mteja kufunga, la sivyo atasema umemshonea vibaya. Ncha ya kulia ipite juu ya ya kushoto, ipenye chini yake, itokee juu. Ya kushoto ikunjwe iwe kitanzi kilicholala. Ya kulia ishuke mbele ya kitanzi hicho, izunguke nyuma, isukumwe ikiwa imekunjwa kwenye kijitundu kilichobaki. Vitanzi vikisimama juu na chini badala ya kulala kulia na kushoto, amezungusha mara ya pili upande usiostahili. Afungue, na mara ya kwanza aanze kwa kupitisha ya kushoto juu ya ya kulia, mengine ayaache yalivyo.

Kwenye daftari lako andika hivi: "Blauzi ya tai, shingo 38, nafasi 2 na 2, ncha 65, upana 6." Mteja akileta tena neno upinde, mwonyeshe mstari huo kabla hujagusa mkasi.