Jinsi ya kumuomba bloga au influensa akusambazie makala yako

Mi naandika kuhusu kuku wa kienyeji, na makala zangu zilizosomwa sana karibu zote zilipelekwa mbele na watu wengine, mabloga, wenye akaunti zao Instagram, maadimini wa magrupu ya wafugaji WhatsApp. Kwa hiyo wanaoanza wakiniuliza unawapataje hawa watu nawaambia hivi: nenda na kitu ambacho wasomaji wake tayari wanakiuliza.

Utakijuaje? Kwenye komenti. Kabla sijamtumia mtu chochote nashuka kwenye posti zake za nyuma nasoma hadi zile komenti za watu waliouliza wakaachwa hivyo hivyo. Kuna dada mmoja ana duka la dawa za mifugo na peji yake ina wafugaji kweli kweli, siku hiyo kaposti vifaranga, chini watu wanauliza chanjo ya mdondo (ugonjwa wa kuku, wengine wanauita kideri) ile ya matone inawekwaje, inarudiwa lini, mkubwa na mdogo dozi ni moja? Na yeye ana wateja dukani, atamjibu nani amwache nani. Mi majibu nilikuwa nayo kwenye makala, tone 1 jicho moja kwa kuku wa umri wowote, unarudia kila baada ya miezi 3, nikamwandikia:

"Habari za kazi dada. Nimeona kwenye posti yako ya vifaranga watu wengi wanauliza chanjo ya mdondo. Nimeandika hatua kwa hatua, na picha zipo. Naomba uipitie, ukiona inawafaa wafugaji wako uiweke, na kama kuna cha kuongeza niambie."

Basi, hiyo tu. Akaisoma, akaniongezea mambo ya kutunza chanjo kwenye ubaridi, akaiposti kwa maneno yake mwenyewe, na wafugaji waliokuja siku ile wapo mpaka leo wananiuliza maswali.

Ndo maana sishauri ukimbilie influensa wa vichekesho au mavazi eti kwa sababu ana mafolowa laki kadhaa, wale wamemfuata kucheka na kuangalia nguo, ukiwaletea kideri wanapita tu.

Akikutajia bei usinune. Hapa Tanzania zile kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilimtaka bloga awe na leseni ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na ilikuwa inalipiwa, na hata sasa kuna bando, kuna muda wake. Ila kabla hujatuma hela mkubaliane kwa maandishi anaposti wapi na inakaa siku ngapi, maana stori ya Instagram inapotea baada ya masaa 24, na linki ukiiweka kwenye maelezo ya posti haibonyezeki kwa hiyo mwombe aiweke kwenye bayo au kwenye stori yenyewe. Na kama umelipia aandike wazi kwamba ni tangazo, wasomaji wake wana haki ya kujua.

Mrahisishie kazi pia. Mtumie picha nyepesi na aya fupi anayoweza kukopi moja kwa moja, sio video ya kumaliza bando la mtu. Asipojibu mkumbushe mara moja baada ya wiki hivi, afu mwache, usimpigie usiku wala usimtagi kwenye kila kitu unachoposti, watu wanakublok kwa hilo.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalifanyi na mi ndo naliona kubwa: akishaposti hamia kwenye komenti zake. Maswali yatakayokuja ni ya kwako sio ya kwake, yajibu pale pale, kwa jina la mtu, hata yale ya kujirudia. Kama siku hiyo una safari au shughuli nyingine, mwombe aposti siku ambayo utakuwepo hewani.