Maelezo ya Watumiaji Yamenizidi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimewahoji watumiaji wa programu tunayoibuni, na sasa nina madaftari yaliyojaa maelezo yasiyo na mpangilio. Nianzie wapi?

JIBU: Andika kila hoja kwenye karatasi yake ndogo, kwa maneno ya mtumiaji mwenyewe ("sikujua kama malipo yamepita"), kisha zibandike ukutani, ukizisogeza pamoja zile zinazoshabihiana hadi makundi yajitokeze, ndipo uyape majina, njia hii iliasisiwa na mwanaanthropolojia Mjapani, Jiro Kawakita, katika miaka ya 1960. Usitangulize majina ya makundi, kwani utaishia kuona ulichokitarajia tu. Karatasi isiyopata kundi iache peke yake. Kwa maoni yangu, mara nyingi ndiyo yenye habari mpya. Mishale kati ya makundi, ya kuonyesha lipi ni chanzo na lipi ni matokeo, ichorwe baadaye.